Kwa nini vifaa vya kisasa hulishwa programu kwa vipande

Na Mwandishi Wetu, Dodoma

WATEJA wa umeme wa LUKU bado wanaukumbuka mwaka 2024. Mtu aliyezoea kununua umeme na kupokea tarakimu 20 kwenye simu yake alijikuta akipokea makundi matatu ya tarakimu 20 kwa mpigo, pamoja na maelekezo ya kuyaingiza kwenye mita moja baada ya jingine. Kundi la kwanza halikuleta umeme. La pili nalo halikuleta kitu. Ni la tatu tu lililoongeza uniti.

Shirika la Umeme Tanzania (TANESCO), ambalo makao yake makuu yapo jijini Dodoma, liliwataka wateja wake kukamilisha kazi hiyo kabla ya 24 Novemba 2024. Ambaye hangefanya hivyo, baada ya tarehe hiyo mita yake isingepokea umeme mpya hata kama angenunua wa shilingi ngapi. Tangazo lilieleweka upesi kwa sababu lilihusu giza. Kilichoelezwa kwa nadra ni kwa nini makundi yawe matatu badala ya moja.

Mita za malipo ya kabla za aina ya LUKU hufuata kiwango kiitwacho STS, kilichoanzia Afrika Kusini na baadaye kukubaliwa kimataifa kwa jina la IEC 62055. Katika kiwango hicho kila tokeni ya umeme hubeba muhuri wa wakati unaohesabiwa kwa dakika, kuanzia 1 Januari 1993. Nafasi iliyotengwa kwa hesabu hiyo ni biti 24, ambazo haziwezi kuhesabu zaidi ya dakika 16,777,216. Dakika hizo ziliisha 24 Novemba 2024.

Hesabu ilipaswa kuanza upya. Lakini kama ingeanza upya huku mita ikiwa na siri ileile, tokeni zilizokwisha kutumika miaka ya nyuma zingeweza kukubaliwa tena. Hivyo basi kila mita ilibidi ipewe ufunguo mpya wa siri, na hapo ndipo tatizo lilipojitokeza. Ufunguo huo una biti 64. Tokeni ya tarakimu 20 hubeba biti 66 kwa jumla, na sehemu kubwa ya hizo ina kazi nyingine: kutaja aina ya tokeni, kueleza ufunguo ni wa aina gani, na biti 16 za kukagua kama aliyebonyeza amekosea tarakimu. Zinazobaki kwa ajili ya ufunguo wenyewe ni biti 32, yaani nusu kamili.

Ufunguo ukakatwa vipande viwili. Mita ilipopokea kipande cha kwanza ilikihifadhi pembeni na kuendelea kutumia ufunguo wa zamani, ikisubiri mwenzake. Kipande cha pili kilipofika, viliunganishwa, ufunguo ukabadilika, na tokeni ya tatu ikasomeka kwa ufunguo huo mpya.

Ikumbukwe kwamba kilichobadilishwa katika zoezi lile ni ufunguo, si programu inayoiendesha mita. Hata hivyo, wahandisi wa mifumo endeshi ya kompyuta na simu wanalijua tatizo hilohilo la mzigo mkubwa kuliko mlango, na kwao mzigo hauna biti 64. Una mamilioni ya baiti.

Programu isiyoonekana

Ndani ya simu iliyo mfukoni mwa msomaji hakuna kompyuta moja tu. Kisehemu kinachoshughulikia mtandao wa simu ni kompyuta ndogo, cha Wi-Fi ni nyingine, na cha kamera vilevile. Kila kimoja kina programu yake inayokiambia namna ya kufanya kazi. Kwa Kiswahili programu hiyo huitwa programu dhibiti. Mafundi wengi huiita fimwea.

Zamani ilikuwa kawaida programu hiyo kuchomwa kiwandani ndani ya kifaa na kubaki humo maisha yote. Watengenezaji waligundua kuwa ni nafuu zaidi kukitoa kifaa kikiwa kitupu, kisha kompyuta iliyokibeba ikipe programu yake kila inapowashwa. Kifaa cha namna hiyo hakijui chochote umeme unapozimwa. Kila asubuhi hufundishwa kazi upya.

Anayekifundisha ni kiini cha mfumo endeshi, yaani ile sehemu ya ndani kabisa inayogawa kumbukumbu, kusimamia vifaa na kuamua programu ipi ifanye nini. Katika simu za Android kiini hicho ni Linux, kilichoanzishwa na Linus Torvalds nchini Finland mwaka 1991, na Linux hiyohiyo huendesha sehemu kubwa ya seva za intaneti duniani.

Waliowahi kununua kompyuta iliyotumika na kuiwekea Linux wenyewe wanaifahamu dalili yake. Kompyuta inawaka vizuri, kioo kinaonyesha kila kitu, ila Wi-Fi haionekani kabisa. Mara nyingi kifaa hakijafa. Hakijapewa programu yake tu, kwa sababu faili halimo kwenye diski. Lilikuwa kero kubwa hata wasimamizi wa Debian, moja ya matoleo makongwe ya Linux, wakapiga kura mwaka 2022 kuruhusu faili hizo ziwekwe kwenye diski rasmi ya usakinishaji, na Debian 12 ya Juni 2023 ikatoka hivyo.

Utaratibu wa kuziomba faili hizo uliingia katika kiini cha Linux mwaka 2003, ukiwa umeandikwa na Manuel Estrada Sainz wa Hispania, kijana aliyefariki dunia katika ajali ya gari mwaka uliofuata akitoka kwenye mkutano wa programu huria. Ni utaratibu mwepesi. Kiendeshi, ambacho ni ile sehemu ya kiini inayojua lugha ya kifaa fulani, hutaja jina la faili. Faili hutafutwa kwenye saraka ya /lib/firmware, husomwa lote hadi mwisho, huwekwa kwenye kumbukumbu, na kiendeshi hukabidhiwa. Kiendeshi nacho hulinakili kwenda kwenye kifaa.

Neno la kuzingatia hapo ni “lote”. Katika miaka hiyo halikumsumbua mtu, kwani programu dhibiti ya kadi ya Wi-Fi haikufikia hata megabaiti moja. Leo faili moja la kadi ya michoro ya NVIDIA hufikia makumi ya megabaiti.

Kihenge na ua

Anayeijua nyumba ya tembe ya Wagogo ataliona tatizo hili kwa urahisi. Lori limeleta magunia ya mtama, na kihenge kiko ndani. Utaratibu wa mwaka 2003 ni sawa na kuyashusha magunia yote uani kwanza, kisha kuyahamishia kihengeni. Ua lazima uwe na ukubwa wa kuutosha mzigo mzima, na kwa muda fulani nafasi inayotumika ni mara mbili ya mzigo: ua na kihenge. Mwenye ua mpana hajali. Mwenye ua finyu anakwama, na mtama anao.

Simu na vifaa vidogo vina ua finyu. Kiini kinapotaka kumbukumbu nyingi kwa mara moja wakati programu nyingine zimejaa, kinaweza kuikosa, na kifaa kikabaki kimya bila sababu ambayo mtumiaji anaweza kuiona.

Marekebisho ya kwanza yalikuja mwaka 2016 katika toleo la 4.8, kwa kazi ya Stephen Boyd. Kiendeshi kiliruhusiwa kutaja mapema mahali hasa ambapo programu inatakiwa kukaa, na kiini kikaimwaga palepale bila kupitia uani. Nakala ya pili ikaondoka. Hata hivyo, faili bado lilisomwa zima kwa mkupuo mmoja, na mahali pa kulimwaga palipaswa kulitosha.

Hilo halikumfaa Scott Branden, mhandisi wa kampuni ya Broadcom. Kampuni yake ilikuwa imetengeneza kadi ya kuchomeka kwenye seva kwa ajili ya kazi nzito, ikiwemo kuchakata video, na kadi hiyo ilihitaji programu kubwa kuliko eneo la kumbukumbu ambalo kadi na seva zingeweza kulitumia kwa pamoja. Alichoomba ni kiini kiweze kusoma kipande cha faili: kuanzia hapa, kiasi hiki. Kiendeshi kijaze eneo dogo, kadi ichukue, kiendeshi kiombe kipande kinachofuata, hadi faili liishe. Kwa kadi ile eneo lenyewe lilikuwa megabaiti 4, lililojazwa na kumwagwa tena na tena kama debe kati ya lori na kihenge.

Kwa mtazamaji wa nje ombi hilo ni dogo mno. Kusoma kipande cha faili ni jambo ambalo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa kompyuta pale Chuo Kikuu cha Dodoma angeliandika kwa mistari michache. Lakini mapendekezo ya Branden yalirudishwa, yakaandikwa upya na kujadiliwa kwa miezi mingi kabla ya kukubaliwa, na kilichoyachelewesha hakikuwa ugumu wa kusoma kipande.

Nani anaukagua mzigo

Programu dhibiti ni mahali pazuri kwa mhalifu. Aliyefaulu kuibadilisha ameshika kifaa chenyewe, mahali ambapo programu za kuzuia virusi hazifiki. Kwa ajili hiyo kiini cha Linux kina wakaguzi ambao huitwa kabla faili halijakabidhiwa kwa kiendeshi. Mmoja wao ni IMA, ambaye hukokotoa alama ya faili lote na, kama mwenye mfumo ameamua hivyo, huthibitisha sahihi yake ya kidijiti. Baiti moja ikibadilika, alama haiwi ileile tena. Mwingine ni LoadPin, ambaye hajali kilichomo ndani ya faili. Hutaka kujua tu limetoka ghala gani, na kama si ghala analoliamini hulikataa.

Ukitazama kazi za wakaguzi hao wawili utaona ni nani anayeumizwa na vipande. LoadPin hana shida, kwani kipande au zima, ghala ni lile lile. IMA ndiye mwenye matatizo, maana sahihi ilitiwa kwenye faili zima na yeye anaonyeshwa debe moja.

Wakazi wa nyanda za kati hawahitaji kuelezwa sana hatari ya kupima debe moja. Mwaka 2016 watu walipoteza maisha katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumukuvu. Ugumu mmoja wa sumu hiyo ni kwamba haisambai sawasawa ndani ya mzigo: sampuli ya juu inaweza kuwa safi na ya chini ikaua. Ndiyo maana wapimaji huchota sehemu nyingi za mzigo kabla ya kutoa kibali.

Mimi Zohar wa IBM, anayesimamia IMA, na Kees Cook wa Google, aliyeandika LoadPin, walikuwa miongoni mwa walioshiriki sana katika mjadala huo. Kulikuwa na wasiwasi mwingine tangu ule mtindo wa mwaka 2016: ikiwa programu inamwagwa moja kwa moja mahali ambapo kifaa kinaweza kupasoma, je, kifaa hakiwezi kuanza kuitumia kabla mkaguzi hajamaliza kazi yake? Kwa vipande swali hilo linakuwa kali zaidi. Kufikia wakati mkaguzi anaona baiti ya mwisho, baiti za mwanzo zimekwisha kuwa ndani ya kifaa muda mrefu.

Suluhisho lililoingia katika toleo la 5.10, lililotoka 13 Desemba 2020, lilitokana na Cook kuipanga upya namna nzima ambavyo kiini husoma faili. Kabla ya kusoma chochote, kiini sasa humwambia mkaguzi waziwazi kama kitakachosomwa ni faili zima au kipande. Ikiwa ni zima, IMA anaweza kusubiri na kulikagua likiwa tayari kwenye kumbukumbu, kama zamani. Ikiwa ni kipande, hasubiri: hulipitia faili lote mwenyewe kutoka kwenye diski, mwanzo hadi mwisho, kabla kipande cha kwanza hakijatoka. Kila kipande kipya kinapoombwa faili hufunguliwa tena, na wakaguzi hupewa nafasi ya kukataa tena.

Gharama yake ni muda, maana faili husomwa kwa ukaguzi na kusomwa tena kwa matumizi. Kuna kitu kingine kilichoachwa. Tangu mwaka 2019 Linux imeweza kuhifadhi programu dhibiti zikiwa zimebanwa ili kupunguza nafasi kwenye diski, lakini anayeomba kipande hapati faida hiyo: faili lililobanwa ni lazima lifunguliwe zima, na kuepuka kulishika zima ndiyo sababu ya kuomba kipande.

Kiendeshi cha kadi ya Broadcom, ambacho ndicho kilichozua yote haya, kiliingia katika kiini mwaka uliofuata, katika toleo la 5.12. Toleo la 5.10 lenyewe lilikwenda mbali zaidi ya kadi hiyo, kwani Google ililichagua kuwa mojawapo ya misingi ya Android 12 na Android 13. Wenye simu wengi wanatembea na utaratibu huo mfukoni, ingawa ni vifaa vichache vinavyouhitaji.

Umeme ukikatika katikati

Kwa nchi iliyopitia mgawo wa umeme mwaka 2023, swali la lazima ni moja: kifaa kimekwisha kumeza vipande vitatu kati ya vitano, kisha umeme unakatika. Kinakuwaje?

Jibu linategemea programu inakwenda kukaa wapi. Kwa vifaa vinavyolishwa kila vinapowashwa, kama kadi ya Wi-Fi au ile ya Broadcom, hakuna hasara. Kilichomezwa kilikuwa kwenye kumbukumbu ya muda. Umeme ukirudi kazi huanza tangu kipande cha kwanza. Kiini hakijaribu kuendeleza pale kilipoishia, na ni vizuri kisijaribu.

Hatari ipo kwa vifaa vinavyoandikiwa programu mpya ya kudumu juu ya ile ya zamani. Huko, vipande vitatu kati ya vitano ni kifaa ambacho si cha zamani wala kipya, na mara nyingi hakiwaki tena. Watengenezaji makini wa simu walilikwepa hilo kwa kuweka vyumba viwili vya kuhifadhi mfumo: toleo jipya huandikwa kwenye chumba kisichotumika huku simu ikiendelea na kazi, na simu huhamia huko baada ya chumba kizima kukamilika na kuthibitishwa. Kifaa cha bei nafuu chenye chumba kimoja hakina pa kurudi. Onyo la “usizime” linaloonekana kwenye kioo wakati wa masasisho linastahili kuheshimiwa hasa na mwenye kifaa cha namna hiyo, na anayeishi mahali ambapo umeme hauaminiki afadhali asubiri betri ijae kwanza.

Mita ya LUKU iko upande wa wale makini. Mteja aliyeingiza kundi la kwanza mwaka 2024 kisha akaitwa nje hakuharibu kitu, kwa kuwa ufunguo wa zamani ulibaki kazini hadi nusu zote mbili zilipotimia. Aliyeumia ni yule aliyekuwa na tokeni ya zamani aliyoinunua na kuiweka akiba bila kuiingiza. Ufunguo ulipobadilika, tokeni ile haikusomeka tena.

Kiwango cha STS kimeweka 1 Januari 2014 kuwa mwanzo wa hesabu unaofuata ule wa mwaka 1993. Kwa mita zilizohamia kwenye hesabu hiyo, dakika 16,777,216 zitakwisha tena Novemba 2045.